Cheti cha nishati cha nyumba nchini Uingereza: lini ni lazima, na namna ya kukipata bila kupoteza alama

Karibu kila tangazo la nyumba ya kuuza au kupangisha nchini Uingereza huwa na herufi moja iliyokaa pembeni, kati ya A na G, ambayo wengi wetu huipita macho kama tunavyoyapita masharti ya laini ya simu. Herufi hiyo hutoka kwenye cheti cha ufanisi wa nishati, ambacho madalali, mafundi na wapangaji wote hukiita EPC, na siku unapogeuka kuwa muuzaji au mwenye nyumba ndipo unapotambua kwamba bila cheti hicho hata tangazo lenyewe lina kasoro kisheria. Mwongozo huu ni wa Mswahili mwenye nyumba huko, awe bado anaishi Leicester au amekwisha kurudi Tanga na funguo ameziacha kwa dalali. Maelezo ya msingi ni ya England na Wales, ambako kanuni za jambo hili ni zilezile. Scotland na Ireland Kaskazini zina mahali pake mbele kidogo.

Kwanza tuelewane cheti hiki kinapima nini, kwa maana hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Hakipimi bili yako. Kinapima jengo: kuta, paa, madirisha, sakafu, mtambo wa kupasha joto, maji moto na taa, kisha programu ya kompyuta inakadiria gharama ya nishati kwa kila mita ya mraba, kana kwamba ndani yake inaishi familia ya kawaida yenye mazoea ya kawaida. Kwa hiyo mama anayejitanda kanga mbili na kuzima redieta Januari nzima anaokoa fedha zake, lakini hapandishi daraja la nyumba hata kidogo. Matokeo hutolewa kwa alama: 92 na kuendelea ni A, 81 hadi 91 ni B, 69 hadi 80 ni C, 55 hadi 68 ni D, 39 hadi 54 ni E, 21 hadi 38 ni F, na 1 hadi 20 ni G. Kwa kuwa msingi wa hesabu ni gharama, nyumba inayopashwa joto kwa hita za kawaida za umeme mara nyingi hushuka chini ya jirani yake inayotumia gesi, hata kama kuta zao zinafanana, kwa sababu umeme ni ghali kuliko gesi.

Hatua ya kwanza: jua kama jambo lako linahitaji cheti

Mambo yanayokilazimisha ni matatu tu: nyumba inapokamilika kujengwa, inapouzwa na inapopangishwa. Utaratibu huu ulianza England na Wales mwaka 2007 kwa nyumba zinazouzwa, ukaanzia kwenye nyumba za vyumba vinne vya kulala na zaidi, na tangu tarehe 1 Oktoba 2008 ukazifikia nyumba za kupanga. Kanuni zinazotumika zaidi sasa ni zile za mwaka 2012 zinazohusu ufanisi wa nishati wa majengo. Ukiwa unaishi tu katika nyumba yako, huuzi wala hupangishi, hakuna anayekudai cheti, hata kama cha zamani kimeisha muda.

Cheti hudumu miaka 10, na ndani ya muda huo kinaweza kutumika mara nyingi upendavyo, kwa mpangaji wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kikiisha katikati ya upangaji, huna haja ya kukimbilia kipya siku hiyohiyo. Kipya kitahitajika utakapomwingiza mpangaji mwingine au utakapoiweka nyumba sokoni. Fleti zilizomo ndani ya jengo moja kila moja hudai cheti chake, na nyumba iliyogawanywa kuwa fleti mbili zenye milango na mitambo yake haiwezi kutumia cheti cha nyumba nzima ya zamani.

Suala la chumba ndilo linalowachanganya watu wetu zaidi, kwa kuwa wengi tulianza maisha huko kwa kupanga chumba kwa mtu tunayefahamiana naye. Ukimkaribisha mpangaji katika chumba kimoja cha nyumba unayoishi mwenyewe, mkatumia jiko na bafu kwa pamoja, chumba hicho hakihitaji cheti. Vivyo hivyo chumba kimoja kinachopangishwa kwa mkataba wake katika nyumba ya watu wengi wanaoshirikiana jiko. Lakini ukiipangisha nyumba hiyohiyo yote kwa mkataba mmoja, mathalani kwa wanafunzi wanne waliosaini pamoja, cheti ni lazima.

Yapo majengo mengine yaliyo nje ya sharti hili: nyumba za ibada, majengo ya muda yatakayotumika kwa miaka miwili au pungufu, majengo yanayosimama peke yake yenye eneo la sakafu lisilofika mita za mraba 50, baadhi ya majengo yanayosubiri kubomolewa, na nyumba za makazi zinazokusudiwa kutumika kwa chini ya miezi minne kwa mwaka. Majengo ya kale yaliyohifadhiwa kisheria yamewaponza wengi, kwa kuwa hudhani kuhifadhiwa kwenyewe kunatosha kuwaondolea sharti. Sivyo ilivyo. Jengo la namna hiyo linatoka tu pale ambapo kutimiza matakwa ya nishati kungelibadili kwa namna isiyokubalika, na anayeweza kukuambia hivyo ni ofisa wa uhifadhi wa halmashauri yako. Dalali hana mamlaka hayo.

Hatua ya pili: tazama rejista kabla ya kutoa hata pauni moja

Kabla hujapiga simu kwa mtu yeyote, ingia kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk, sehemu ya kutafuta vyeti vya nishati, uandike postikodi ya nyumba. Ni bure, na haihitaji akaunti. Itakupa orodha ya anwani zenye vyeti katika mtaa huo, na ukichagua yako utaona daraja, alama, tarehe ya kwisha na namba ya cheti yenye tarakimu 20. Watu wengi waliowahi kununua nyumba miaka sita au saba iliyopita hukuta cheti cha muuzaji wa zamani bado kina uhai, na wanakitumia bila gharama yoyote.

Hapa nitoe tahadhari ambayo madalali hawaisemi sana. Ukishafanyiwa ukaguzi mpya na cheti kikaingizwa kwenye rejista, hicho kipya ndicho kinachohesabika, hata kama kimekuja na daraja la chini kuliko la zamani. Njia ya kukokotoa nayo hubadilishwa kila baada ya muda, na toleo lililoanza kutumika Juni 2025 linadai vipimo vya kina zaidi, yakiwemo madirisha, kuliko toleo lililotangulia. Kwa hiyo mwenye nyumba aliye na cheti cha C chenye miaka mitatu iliyobaki asiagize kingine kwa kuwa tu ameambiwa kipya kinavutia wateja. Naye aliyeongeza pamba ya kuhifadhi joto, akabadili boila au akaweka paneli za sola ana sababu nzuri ya kuagiza upya, kwa kuwa cheti cha zamani hakiyajui maboresho hayo.

Hatua ya tatu: kusanya ushahidi

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo alama zinapopotea. Mkaguzi hatoboi ukuta, haondoi sakafu wala habomoi kitu. Huandika anachokiona kwa macho na anachothibitishiwa kwa karatasi, na asichokiona wala kuthibitishiwa hukijaza kwa makadirio yanayotokana na umri wa jengo. Makadirio hayo huchukulia kwamba nyumba imebaki kama nyumba za zama zake zilivyojengwa. Ukisema kwa mdomo kwamba fundi alijaza pamba katikati ya ukuta, atakusikiliza kwa adabu, lakini maneno yako hayaingii kwenye programu.

Fleti yangu ya ghorofa ya juu ilinifundisha jambo hili kwa gharama. Darini tulikuwa tumeweka pamba ya kutosha, kisha mimi mwenyewe, kwa kupenda nafasi ya kuhifadhia masanduku, nikapigilia mbao juu yake kutoka ukuta hadi ukuta. Mkaguzi alipanda ngazi, akachungulia kwa tochi, akaona mbao na masanduku, akateremka akiwa na rula yake mkononi bila ya kuitumia. Risiti ya pamba ile nilikuwa nimeitupa. Aliandika kwamba kina chake hakijulikani, programu ikakadiria kwa umri wa jengo, na fleti ikatoka na alama 67, mbili tu pungufu ya daraja la C. Niling'oa mbao mbili, nikaita upya, nikalipa upya. Kosa lilikuwa langu. Yeye alifuata kazi yake.

Basi siku kadhaa kabla ya ukaguzi, tengeneza faili moja. Tia ndani yake cheti cha dhamana ya ukuta uliojazwa kati, kama upo. Risiti au ankara ya pamba ya darini inayotaja unene wake kwa milimita na anwani ya nyumba. Karatasi za idhini ya ujenzi kutoka halmashauri kwa chumba kilichoongezwa nyuma au kilichotengenezwa darini. Cheti cha madirisha. Na kijitabu cha boila chenye jina na modeli kamili. Karatasi isiyo na anwani ya nyumba husika ni dhaifu, kwa sababu pamba inaweza kununuliwa na mtu yeyote kwa nyumba yoyote.

Kuhusu madirisha, mwaka wa kukumbuka ni 2002, ambapo kanuni za ujenzi zilidai vioo bora zaidi, hivyo dirisha la vioo viwili lililowekwa baada ya hapo hupata alama nzuri kuliko la kabla yake. Kama huna karatasi, fungua dirisha, chungulia kwenye ukanda mwembamba wa chuma uliobanwa kati ya vioo viwili, na mara nyingi utakuta tarehe imechapwa hapo kwa herufi ndogo. Mwonyeshe mkaguzi, aipige picha.

Yapo pia mambo madogo unayoweza kuyatengeneza kwa siku moja. Badilisha balbu zote za zamani kwa LED. Tangi la maji moto lisilo na koti livishe koti, kwani gharama yake ni ndogo na huonekana kwa macho. Hakikisha boila ina kifaa cha kupangia saa, thamostati ya chumba na vali za kurekebisha joto kwenye redieta. Darini, kiwango kinachopendekezwa kwa pamba ya kawaida ni milimita 270, na nyumba nyingi za zamani zina 100 au pungufu. Hapo ndipo pauni yako inapofanya kazi kubwa zaidi ya mahali pengine popote ndani ya nyumba.

Hatua ya nne: agiza mkaguzi, na uwe naye siku ya kazi

Mkaguzi lazima awe amesajiliwa katika mojawapo ya taasisi zinazotambuliwa na serikali, na rejista ileile ya gov.uk ina sehemu ya kumtafuta kwa postikodi. Bei haikupangwa na serikali. Kwa nyumba ya kawaida hucheza takriban kati ya pauni 60 na 120, ikitegemea ukubwa na mji. Dalali akikuwekea kifurushi cha pauni 150 au zaidi, una haki ya kumjibu kwamba utamleta wako, kwani cheti ni kilekile na rejista ni ileile.

Ukaguzi wa nyumba ya kawaida huchukua kama saa moja. Atapima vyumba kwa tepu au kwa kipimo cha mwanga, atapima unene wa ukuta pembeni mwa mlango au dirisha, atapanda darini, atafungua kabati la boila, atahesabu taa na atapiga picha za karibu kila kitu, kwa kuwa taasisi yake inaweza kumkagua na yeye. Safisha njia ya kwenda darini na kabatini kabla hajafika, na kama nyumba ina mpangaji, mwandikie mapema umwombe ruhusa ya siku na saa. Mpe mkaguzi lile faili mlangoni, asije akalipata akiwa amekwisha kufunga begi.

Cheti kikitoka, kisome chote siku hiyohiyo. Angalia kama maelezo ya ukuta, paa, madirisha na mtambo wa joto yanalingana na ukweli. Ukiona kosa, mwandikie mkaguzi mara moja ukiambatanisha ushahidi. Asiporidhisha, peleka malalamiko kwenye taasisi iliyomsajili, ambayo jina lake limeandikwa kwenye cheti chenyewe.

Hatua ya tano: itangaze nyumba kwa utaratibu

Sheria haisemi kwamba cheti lazima kiwe mkononi kabla ya tangazo la kwanza, lakini inasema lazima kiwe kimeshaagizwa. Tangu nyumba inapoingia sokoni, unatakiwa ufanye jitihada za kweli kukipata ndani ya siku 7, na isipowezekana zipo siku 21 zaidi. Mimi sioni faida ya kuichezea nafasi hiyo. Agiza kabla, kwa sababu daraja linatakiwa lionyeshwe kwenye tangazo pindi cheti kinapopatikana, na mnunuzi au mpangaji mtarajiwa anatakiwa apewe cheti bila malipo mapema iwezekanavyo.

Wengi wetu hatupiti kwa dalali. Nyumba hutangazwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, mtu anajibu "nipo", na kesho yake anahamia. Kufahamiana hakufuti wajibu: mpangaji yule, awe ni shemeji au mtu wa msikiti mmoja nawe, anatakiwa apewe cheti. Kwa nyumba ya makazi faini ya kutokitoa ni pauni 200, na hutozwa na maofisa wa viwango vya biashara wa halmashauri. Ni fedha ndogo ukilinganisha na kodi ya mwezi, na pengine ndiyo maana watu huipuuza. Lakini ukilipa bado hujaepuka cheti, utatakiwa ukilete.

Hatua ya sita, kwa mwenye kupangisha: usishuke chini ya E

Muuzaji anaweza kuuza nyumba ya G bila shida yoyote ya kisheria, ila bei tu. Mwenye kupangisha hana uhuru huo. Tangu tarehe 1 Aprili 2018, katika England na Wales, nyumba binafsi yenye F au G haikuruhusiwa kuingiza upangaji mpya, na tangu tarehe 1 Aprili 2020 katazo hilo limeikumba hata mikataba iliyokuwa ikiendelea. Halmashauri inaweza kutoza hadi pauni 2,000 kwa uvunjaji wa chini ya miezi mitatu na hadi pauni 4,000 kwa zaidi ya hapo, na jumla kwa nyumba moja isizidi pauni 5,000. Serikali imekwisha kutangaza nia ya kupandisha kiwango hicho hadi C ifikapo mwaka 2030, hivyo anayefanya matengenezo leo ili kufika E tu apige hesabu mara mbili asije akavunja tena baada ya miaka michache.

Cheti chenyewe kinakuja na orodha ya mapendekezo, kila moja na makadirio ya gharama na alama ambazo lingeongeza. Fuata orodha hiyo kwa kuanzia na yale ya bei nafuu. Kwa kiwango cha sasa cha E, mwenye nyumba halazimiki kutumia zaidi ya pauni 3,500 pamoja na kodi ya VAT. Akifika hapo na nyumba bado ni F, anaweza kujiandikisha kwenye rejista ya misamaha. Msamaha hutolewa pia pale ambapo kazi zote zinazowezekana zimekwisha kufanyika, ambapo mpangaji, mmiliki wa ardhi au halmashauri amekataa kutoa idhini inayohitajika, au ambapo mtaalamu ameandika kwamba kujaza ukuta kungeudhuru. Kuandikisha ni bure na hufanywa mtandaoni, lakini ushahidi lazima upakiwe, na kutoa taarifa za uongo kuna faini yake ya hadi pauni 1,000. Misamaha mingi hudumu miaka 5 na haiuzwi pamoja na nyumba. Mwenye kununua huanza upya.

Scotland na Ireland Kaskazini

Scotland ina rejista yake tofauti, hivyo ukitafuta nyumba ya Glasgow kwenye rejista ya England hutaiona. Huko, muuzaji huandaa ripoti ya nyumba ambayo ndani yake mna taarifa ya nishati, na tena cheti hutakiwa kibandikwe ndani ya jengo, kwa kawaida kwenye kabati la mita au karibu na boila. Faini kwa nyumba ya makazi ni pauni 500. Ireland Kaskazini hutumia rejista moja na England, na ilianza kudai vyeti mwaka 2008, lakini katazo la F na G nililolieleza hapo juu ni la England na Wales peke yake.

Kama uko Dar es Salaam au Mombasa na nyumba iko Uingereza

Wajibu haukuhama pamoja nawe. Hata ukiwa na dalali anayekusanya kodi, anayebanwa kwa daraja la nyumba ni wewe mwenye nyumba. Weka tarehe ya kwisha ya cheti kwenye kalenda ya simu, na uiweke itangulie kwa miezi mitatu, kwa kuwa kumtafuta mkaguzi, kuomba ruhusa ya mpangaji na kutafuta risiti za zamani ukiwa umbali huo huchukua wiki nyingi kuliko unavyodhani. Piga picha za faili zima, kila karatasi kwa upande wake, na umpe nakala ndugu mmoja aliyebaki huko mwenye ufunguo. Huyo ndiye atakayesimama mlangoni siku ya ukaguzi, kwa hiyo mpigie usiku wa kuamkia siku hiyo umkumbushe aondoe masanduku darini.